Sarafu Moja, Serikali Nyingi: Faida na Gharama za Muungano wa Fedha katika Afrika ya Mashariki na ya Kati

0. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huambiwa mfanyabiashara mzembe, lakini yafaa pia kuambiwa mataifa yanayokusudia kuunganisha fedha zao bila kufungua daftari la zamani.

Tarehe 30 Novemba 2013, mjini Kampala, nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi itifaki ya muungano wa fedha. Nchi hizo ni Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda. Zilijiwekea muda wa miaka kumi hivi, ili sarafu moja ianze kutumika mwaka 2024. Katikati ya muda huo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya: mkataba ulitiwa sahihi mjini Nairobi tarehe 8 Aprili 2022, na uanachama ukakamilika tarehe 11 Julai mwaka huohuo. Mwaka 2024 ulipita na sarafu haikuonekana. Hata hivyo swali halikufa, na kwa Mkongomani limekuwa swali la nyumbani: je, yafaa faranga yake iyeyuke katika fedha moja na za majirani?

Swali hilo huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni jipya. Ukweli ni kwamba nchi hizi zimekwisha kuishi katika miungano ya fedha, na si mmoja bali miwili. Upande wa mashariki kulikuwa na shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, tangu 1919 hadi 1966. Upande wa magharibi wa maziwa kulikuwa na faranga iliyotumika Kongo na Ruanda-Urundi hadi 1960, na mabaki yake yakadumu kati ya Rwanda na Burundi hadi 1964. Miungano yote miwili ilivunjika. Makala haya yanakusudia kueleza nani alifaidika nayo, nani aliilipia, na kwa sababu gani haikudumu.

1. Maneno ya fedha kama kumbukumbu

Kabla ya nyaraka za mabenki, lugha yenyewe imetunza historia. Neno «fedha» ndilo jina la madini meupe yaliyotengenezewa sarafu za kale. Neno «pesa» lilitoka Bara Hindi pamoja na rupia, iliyoenea pwani katika karne ya 19 na kuingia bara kwa misafara na, baadaye, kwa reli. Wafanyakazi wa Kihindi waliojenga reli ya Uganda tangu 1896 hadi 1901, kutoka Mombasa hadi ukingo wa ziwa, walilipwa kwa rupia.

Wajerumani nao walikuwa na rupia yao. Mwanzoni iligawanywa katika pesa 64, kisha, tangu 1904, katika heller 100. Dola ya Kijerumani ilianguka katika Vita Kuu ya Kwanza, lakini neno lake limebaki: Mtanzania husema «hela», na Mrundi husema «amahera». Upande wa pili wa mto Ruzizi na wa ziwa Kivu, «faranga» ya Wabelgiji ndiyo iliyotawala, na Mnyarwanda husema «amafaranga». Mkongomani wa leo anatumia «feza», «faranga» na pia «makuta», neno lililopata nguvu mpya baada ya sarafu ya zaire kuanzishwa mwaka 1967.

Maneno hayo yanaonyesha jambo moja la msingi. Katika eneo hili mipaka ya fedha haikuwa kamwe mipaka ya lugha wala ya undugu. Ilichorwa na watawala, na ilihamishwa kila walipobadilika. Raia alijifunza kuhesabu upya mara nyingi kabla ya mtu yeyote kumwuliza maoni yake.

2. Kuzaliwa kwa shilingi ya pamoja

Kabla ya Vita Kuu, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Vita vilipoisha bei ya madini ya fedha ilipanda sana, na rupia ikapanda pamoja nayo. Serikali ya Uingereza iliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki mwezi Desemba 1919, makao yake yakiwa London, na mwaka uliofuata rupia ikafungwa kwenye kiwango cha rupia 10 kwa pauni moja. Ikaja sarafu ya muda mfupi iliyoitwa florini, kisha shilingi, ambayo 20 zake zilifanya pauni moja. Tanganyika iliingizwa katika mpango huo pamoja na Kenya na Uganda. Zanzibar ilijiunga mwaka 1936.

Kwa maandishi ya karani, badiliko la kutoka 15 hadi 10 lilikuwa tarakimu tu. Kwa watu lilikuwa jambo zito. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 1,500 alihitaji hapo awali mazao ya pauni 100 kulilipa. Sasa alihitaji mazao ya pauni 150. Mzigo wa deni uliongezeka kwa nusu, ingawa mkopaji hakuongezewa hata rupia moja. Muda mfupi baadaye rupia ya India ilishuka tena, lakini Afrika ya Mashariki ilikwisha kufungwa kwenye kiwango cha juu. Bei za mazao nazo zikaanguka, na mwaka 1921 waajiri wa Kizungu wa Kenya waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa kiasi cha theluthi moja. Hasira iliyotokana na uamuzi huo, pamoja na kodi na kipande, ndiyo iliyowaleta vijana wa Nairobi kwenye chama cha Harry Thuku.

Basi muungano wa kwanza wa fedha katika eneo hili ulianza kwa somo ambalo halijapitwa na wakati: kiwango ambacho sarafu ya zamani hubadilishwa kwa mpya ni mgawanyo wa mali. Mwenye deni na mwenye kudai hawawezi kukipokea kwa furaha ileile, na asiye na sauti ndiye hubebeshwa tofauti.

3. Faida za muungano

Ni haki kusema kwamba muungano ule ulikuwa na faida za kweli. Kwanza, mfanyabiashara wa Mwanza aliyenunua bidhaa Kisumu au Kampala hakuhitaji kubadilisha fedha, wala hakuhofia kwamba bei aliyokubaliana leo itakuwa nyingine kesho. Kenya na Uganda zilikuwa soko moja la forodha tangu 1917, na Tanganyika iliungana nazo hatua kwa hatua katika miaka ya 1920. Sarafu moja ililipa soko hilo lugha moja ya bei.

Pili, shilingi ilikuwa imara. Bodi ilitoa noti pale tu ilipopokea pauni mjini London, na iliahidi kuzirudisha pauni kwa kila aliyeleta shilingi. Hakuna gavana wala waziri aliyeweza kuamuru mashine ichape noti za kulipia matumizi yake. Kwa hiyo mkulima wa pamba aliyefukia akiba yake chini ya kitanda aliikuta na thamani inayofanana na ile aliyoiacha. Mtu aliyeishi Zaire katika miaka ya 1990 anaelewa uzito wa faida hiyo bila kuhitaji maelezo.

Tatu, gharama za uendeshaji zilikuwa ndogo. Ofisi moja ilihudumia nchi nne, na kwa nyakati mbalimbali hata maeneo ya nje, kama vile Aden na sehemu za Pembe ya Afrika.

Nne, wafanyakazi walitembea. Mtu aliyetoka kijijini kwenda kwenye mashamba ya mkonge au bandarini Mombasa alirudi na mshahara uliopokelewa dukani kwao. Tofauti ilionekana wazi kwa wale waliovuka mpaka wa fedha. Wanyarwanda na Warundi wengi walikwenda Uganda kufanya kazi katika mashamba ya Waganda. Faranga iliposhuka thamani katika miaka ya 1920, shilingi ya Uganda ilizidi kuwavutia, na njia za kuelekea Buganda zikajaa. Wenzao walioandikishwa kwenda migodi ya Katanga katika miaka hiyohiyo walibaki ndani ya eneo la faranga. Mshahara wao wa shaba na mahitaji ya nyumbani kwao vilihesabiwa kwa fedha moja.

4. Gharama zake

Mwaka 1961 mwanauchumi Robert Mundell aliandika makala mashuhuri kuhusu maeneo yanayofaa kutumia sarafu moja. Hoja yake, kwa ufupi, ni hii: nchi inayoacha sarafu yake inaacha chombo cha kujirekebishia. Mazao yake yakikosa soko, haiwezi tena kushusha thamani ya fedha yake ili yauzike. Itabidi watu wahame kutafuta kazi kwingine, au mishahara ipungue, au nchi zenye heri zisaidie zilizopatwa na msiba. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, gharama huwa ni umaskini na ukosefu wa kazi.

Historia ya shilingi inathibitisha hoja hiyo. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, uliofuata mwaka 1929, bei za kahawa, pamba na mkonge zilianguka. Pauni chache ziliingia London kwa jina la Afrika ya Mashariki, na kwa hiyo shilingi chache zikawa mikononi mwa watu. Kanuni ya Bodi haikuwa na huruma: fedha zilipungua palepale zilipohitajika zaidi. Serikali za makoloni hazikuweza kulegeza kamba, maana hazikuishika. Vivyo hivyo, Uingereza iliposhusha thamani ya pauni mwezi Septemba 1949, shilingi ilishuka pamoja nayo siku hiyohiyo. Uamuzi ulifanywa kwa ajili ya mahitaji ya Uingereza, na Mwafrika alisikia tu kwamba nguo na baiskeli kutoka nje ya himaya zimepanda bei.

Gharama ya pili ilihusu akiba. Pauni zilizokuwa dhamana ya shilingi hazikukaa Nairobi wala Dar es Salaam. Ziliwekwa katika hati za dhamana za serikali mjini London. Yaani nchi maskini iliikopesha nchi tajiri kwa riba ndogo, ilhali yenyewe haikuwa na mtaji wa kujenga barabara. Ni mwaka 1955 tu Bodi iliporuhusiwa kununua, hadi kiasi cha pauni milioni 10, hati za serikali za Afrika ya Mashariki zenyewe. Mabenki ya biashara nayo yalifuata mkondo huohuo. Yalikusanya amana mashambani, yakakopesha hasa makampuni na walowezi, na sheria za kikoloni ziliwekea mipaka mikopo kwa Waafrika.

Gharama ya tatu ndiyo iliyoleta uchungu zaidi wakati wa uhuru, nayo ni kutolingana kwa wanachama. Viwanda, mabenki na ofisi kuu vilirundikana Nairobi. Sarafu moja na soko moja vilimruhusu mnunuzi wa Tabora au wa Mbale kununua bidhaa za Kenya, lakini havikumpa kazi katika kiwanda kilichozitengeneza. Tume ya Raisman, iliyotoa ripoti yake mwaka 1961, ilikiri tatizo hilo na kupendekeza mfuko wa pamoja, ambao sehemu ya mapato yake ingewafidia Uganda na Tanganyika. Mfuko uliundwa. Kwa macho ya viongozi wa Kampala na Dar es Salaam, fidia hiyo ilikuwa tone katika mtungi.

5. Kuvunjika kwa shilingi

Bodi ilihamia Nairobi mwaka 1960. Tarehe 5 Juni 1963 viongozi watatu, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote, walitangaza nia ya kuunda shirikisho la kisiasa kabla mwaka haujaisha. Kama shirikisho hilo lingezaliwa, lingekuwa na benki kuu moja, na pengine historia ya fedha ingekwenda njia nyingine.

Katika mwaka huohuo wa 1963 serikali ya Tanganyika ilipokea ripoti ya Erwin Blumenthal, mtaalamu wa Benki Kuu ya Ujerumani Magharibi. Yeye alipendekeza mfumo wa ngazi mbili: benki kuu ya pamoja juu, na chini yake benki ya kila nchi yenye madaraka yake. Jina hilo si geni kwa wasomaji wa Kongo. Ndiye Blumenthal yuleyule aliyetumwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1978 kwenda kuisimamia Benki ya Zaire, na ambaye mwaka 1982 aliandika ripoti kali kuhusu jinsi fedha za umma zilivyokuwa zikichotwa na wakubwa. Katika maisha yake ya kazi alikutana na pande zote mbili za tatizo: mashariki, nchi zilizokuwa na fedha imara lakini hazikuwa na madaraka juu yake, magharibi, nchi iliyokuwa na madaraka kamili juu ya fedha yake na ikaiangamiza.

Shirikisho halikuzaliwa. Bila serikali moja, kila swali dogo lilikuwa kubwa: benki iwe wapi, gavana ateuliwe na nani, na serikali ipi ikopeshwe kiasi gani? Nchi moja ikikopa kupita kiasi, mfumuko wa bei huwafikia wote. Tanganyika, iliyoungana na Zanzibar mwaka 1964, ilitaka kupanga uchumi wake na ilihitaji benki ya kuusaidia mpango huo. Mapatano ya Kampala ya mwaka 1964, yaliyokusudiwa kugawa viwanda vipya kwa usawa, hayakuridhiwa na Kenya. Mwezi Juni 1965 serikali tatu zilitangaza kwamba kila moja itakuwa na sarafu yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, ya Uganda Agosti, na ya Kenya Septemba mwaka huohuo.

Utengano ulianza kwa utulivu. Shilingi tatu zilikuwa na thamani sawa, na pauni iliposhushwa tena mwezi Novemba 1967 hazikuifuata. Hilo lilikuwa tunda la uhuru, kwani safari hii uamuzi ulifanywa nyumbani. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 vizuizi vya kubadilisha fedha viliwekwa kati ya majirani wenyewe, na biashara ya kawaida ya mpakani ikageuka kuwa «magendo». Mama aliyekuwa akivuka na kikapu chake cha samaki bila kuulizwa lolote akawa mhalifu. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa kwa mkataba wa 1967, ilivunjika mwaka 1977.

Hata hivyo mizani ina sahani mbili. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971, uchumi wa Uganda ulibomolewa na noti zikachapwa ovyo. Mwaka 1987 Uganda ililazimika kutoa shilingi mpya moja kwa kila shilingi 100 za zamani. Lau sarafu ingekuwa bado moja, sehemu ya moto huo ingeunguza nyumba za Kisumu na za Bukoba. Mpaka wa fedha uliomwumiza mama wa samaki ndio pia uliomkinga jirani yake.

6. Upande wa faranga: Kongo na Ruanda-Urundi

Dola Huru ya Kongo ilianzisha faranga yake mwaka 1887, ikiwa sawa na faranga ya Ubelgiji. Haikuenea mara moja. Misalaba ya shaba ya Katanga na kauri ziliendelea kutumika, na Katanga yenyewe ilizoea kwa muda pauni iliyoingia kwa reli ya kusini. Benki ya Kongo ya Kibelgiji iliundwa mwaka 1909. Baada ya majeshi ya Wabelgiji kutwaa Ruanda na Urundi mwaka 1916, faranga ilianza kuiondoa rupia ya Wajerumani. Sheria ya mwaka 1925 iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala, na tangu 1952 benki moja, Benki Kuu ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, ilitoa noti kwa nchi zote.

Muungano huo ulikuwa na faida zinazofanana na za shilingi, na kasoro zake pia: kiwango kiliamuliwa Brussels na akiba ilitunzwa huko. Tofauti kubwa ilikuwa katika kuvunjika kwake. Shilingi ilifunguliwa fundo kwa mazungumzo ya mwaka mzima. Faranga ilikatwa kwa panga. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai. Mitaji ilikimbia, na serikali mpya haikuwa na mapato. Mwaka huohuo Ruanda-Urundi ilitolewa katika muungano na kupewa benki yake ya kutoa noti, makao yake yakiwa Usumbura. Mwaka 1961 Katanga nayo ilitoa noti na sarafu zake, na juu ya sarafu hizo ikachorwa alama ya msalaba wa shaba wa kale. Hivyo, kabla hata mwaka mmoja wa uhuru kutimia, faranga moja ilikwisha kuwa tatu. Ile ya Katanga ilikufa baada ya utengano kukomeshwa Januari 1963.

Hadithi ya Rwanda na Burundi ni fupi lakini inafundisha. Zilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, zilibaki na faranga moja na forodha moja. Kwa mtazamo wa uchumi hakuna nchi mbili zilizofanana zaidi katika eneo hili: ukubwa wa karibu, zao moja la kahawa, lugha zinazosikilizana. Kama kufanana kungetosha, muungano huo ungedumu. Lakini moja ilikuwa jamhuri na nyingine ufalme. Wakimbizi walivuka mpaka, na mwishoni mwa 1963 mashambulizi na mauaji yaliharibu kabisa uhusiano. Mwaka 1964 kila nchi ilipata benki yake. Burundi ilishusha thamani ya faranga yake mwaka 1965, Rwanda mwaka 1966, kila moja kwa kiwango chake.

7. Fedha na imani

Kongo inaongeza somo jingine, lisilopatikana katika vitabu vya miungano ya kimataifa: hata ndani ya nchi moja, sarafu moja yaweza kupasuka. Mwishoni mwa 1992 serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni tano. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa, na wafanyabiashara wakamfuata. Askari waliolipwa kwa noti hizo Januari 1993 hawakupata wa kuwauzia, wakaingia mitaani kupora, na watu wengi wakapoteza maisha. Mwezi Oktoba 1993 ilitolewa zaire mpya, moja kwa kila milioni tatu za zamani. Kasai iliikataa, ikaendelea na noti kuukuu. Kwa miaka kadhaa nchi moja ilikuwa na maeneo mawili ya fedha, hadi faranga ya Kongo iliporudishwa mwaka 1998.

Watu wa Kasai hawakuwa wamesoma nadharia ya Mundell. Walijua tu kwamba noti chakavu isiyoweza kuchapwa zaidi ni afadhali kuliko noti mpya isiyo na kikomo. Ni hoja ileile iliyoifanya dola ya Marekani itawale amana za mabenki ya Kongo, na inayowafanya wenyeji wa Goma waipokee faranga ya Rwanda, wale wa Mahagi na Aru shilingi ya Uganda. Katika maeneo hayo ya mpakani muungano wa fedha ulikwisha kutokea kwa uamuzi wa soko, bila itifaki wala sherehe.

Kwa mtazamo huo, hoja isemayo kwamba Kongo itapoteza madaraka yake kwa kuingia katika sarafu ya pamoja yahitaji kupimwa kwa uangalifu. Nchi ambayo raia wake huweka akiba kwa dola imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya madaraka hayo. Lakini hoja ya upande wa pili nayo ina haki yake. Uchumi wa Kongo unategemea shaba na kobalti. Wa Kenya chai, maua na utalii. Wa Burundi kahawa. Bei ya shaba ikianguka, Kolwezi na Likasi zitalia wakati Mombasa ikicheka. Ni nani atakayeifidia Katanga siku hiyo? Na bei ikipanda, je, Katanga itakubali kuwafidia wengine?

Itifaki ya 2013 iliweka masharti ya kuingia: mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisilozidi asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni itoshayo miezi minne na nusu ya manunuzi ya nje. Masharti hayo yanajibu vizuri hofu ya mwaka 1965, yaani hofu ya jirani mkopaji. Hayajibu kwa kiasi hichohicho lalamiko la 1961, yaani lalamiko la jirani anayeachwa nyuma. Ulaya, ambayo ilianza euro mwaka 1999 kwa masharti ya namna hiyo, ililijua pengo hilo kwa uchungu wakati wa msukosuko wa Ugiriki tangu 2010.

8. Hitimisho

Daftari la zamani lina kurasa za faida na za hasara. Shilingi ya Bodi iliwapa raia wa nchi nne fedha imara na soko lisilo na vizuizi, lakini iliwanyima sauti, akiba na mgawanyo wa haki. Faranga ya Kongo na Ruanda-Urundi ilivunjika kwa sababu ilishikiliwa na mkono wa mtawala tu; mkono ulipoondoka, hakuna kilichobaki kuishika. Faranga ya Rwanda na Burundi ilionyesha kwamba uchumi unaofanana hautoshi pale ambapo serikali haziaminiani. Kasai ya 1993 ilionyesha kwamba hata serikali moja haitoshi pale ambapo raia hawaiamini.

Kutokana na hayo, mpangilio wa mambo unajitokeza. Imani hutangulia, kisha taasisi, kisha noti. Muungano wa fedha kati ya majirani unaostahili damu na jasho la watu ni ule ambao kabla ya kuchapa noti ya kwanza umekwisha kujibu maswali matatu: nani ataamua, akiba itakaa wapi, na mwanachama atakayepatwa na msiba atasaidiwa na nani na kwa kiasi gani. Vijana wa Nairobi mwaka 1921, mama wa samaki wa miaka ya 1970 na askari wa Kinshasa wa 1993 hawakupewa jibu la hata swali moja kati ya hayo.

Hata leo noti za Kenya zinaandika «Banki Kuu» na noti za Tanzania zinaandika «Benki Kuu», na noti za Kongo zinataja thamani yake kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Noti ya pamoja ikichapwa siku moja, wanachama watapaswa kuafikiana hata juu ya herufi hiyo moja. Mwandishi wa noti atalimaliza hilo kwa dakika chache. Yaliyobaki yanahitaji subira ya miaka, na waandishi wa daftari walio waaminifu.